Mara mwishoni mwa gridi: Njia za umeme zinavyopangwa kabla mahitaji hayajafika

MACHO ya mtu anayeitazama ramani ya gridi ya Taifa huanzia kusini, kwenye mabwawa ya Kidatu, Kihansi na Rufiji. Hupanda hadi Iringa, hukata katikati ya nchi kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, hufika Mwanza, kisha hufuata mstari mmoja mwembamba upande wa mashariki wa Ziwa Victoria. Mstari huo hupita Bunda na kuishia Musoma.

Mstari huo ni njia ya kusafirisha umeme ya msongo wa kilovoti 132, yenye urefu wa takriban kilomita 210, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Kabla yake, mji wa Musoma uliangazwa na jenereta za dizeli, kama ilivyokuwa kwa miji mingi ya mikoani wakati huo. Jenereta zilihitaji mafuta yaliyosafirishwa kutoka mbali, na pale mafuta yalipochelewa mji ulilala gizani. Kuja kwa gridi kulikuwa ukombozi.

Hata hivyo, gridi nayo ina masharti yake. Mkoa ulioko mwisho wa njia ndefu hupata umeme uliokwisha kupita katika mikoa mingine yote, ukiwa umechoka njiani. Ndiyo sababu suala la kupanga njia za kusafirisha umeme, ambalo kwa wengi huonekana kuwa la wahandisi peke yao, linamhusu moja kwa moja mwenye jokofu la samaki Mwigobero, mwenye karasha la dhahabu Buhemba na mgonjwa aliyelazwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kwangwa.

Safari ya zaidi ya kilomita 1,000

Gridi ya Tanzania haikujengwa kwa siku moja wala kwa mpango mmoja. Bwawa la Kidatu lilipoanza kuzalisha mwaka 1975, umeme wake ulilengwa Dar es Salaam. Katika miaka ya 1980 njia za kilovoti 220 zilipelekwa kusini magharibi hadi Mbeya, na nyingine ikatoka Mtera kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga hadi Mwanza. Kituo cha Mtera chenye uwezo wa megawati 80 kilikamilika mwaka 1988. Ile ya Mwanza hadi Musoma ilikuwa kama mkia wa kazi hiyo kubwa.

Kwa takriban miaka 30, njia moja ya kilovoti 220 ndiyo iliyoilisha sehemu kubwa ya Kanda ya Ziwa. Migodi ya dhahabu ikafunguliwa, Mwanza ikapanuka, na njia ikabaki ileile. Hatimaye Serikali na Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) walijenga njia mpya ya msongo wa kilovoti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga, yenye urefu wa kilomita 670. Fedha zilitoka Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika, Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, Japan na Korea Kusini. Wafadhili watano kwa mradi mmoja si jambo dogo; kila mmoja alikuja na sehemu yake ya njia na taratibu zake za zabuni.

Mradi huo ulipunguza msongamano hadi Shinyanga. Lakini kutoka hapo umeme unaokwenda Mara bado unaendelea kwa kilovoti 220 hadi Mwanza, kisha unashushwa hadi kilovoti 132 kwenda Bunda na Musoma. Ni sawa na barabara kuu ya njia nne inayoishia kwenye njia ya mbuzi.

Kuna jambo moja ambalo mpita njia huko Butiama anaweza kulitafakari. Bwawa kubwa kuliko yote nchini, lenye uwezo wa megawati 2,115 na mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, linaitwa kwa jina la Mwalimu Julius Nyerere, mtoto wa Butiama. Mtambo wake wa kwanza uliingizwa katika gridi Februari 2024. Kwa kufuata nyaya, kutoka bwawa hilo mkoani Pwani hadi kijiji alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200.

Umeme unavyopotea njiani

Ili kuelewa kwa nini umbali ni adui, haina budi kurejea somo la fizikia la sekondari. Waya wowote hupinga kidogo mkondo unaopita ndani yake, na upinzani huo huugeuza umeme kuwa joto. Joto hilo halimfikii mteja. Upotevu huongezeka kwa mraba wa mkondo, yaani mkondo ukiwa mara mbili, upotevu huwa mara nne.

Dawa ni kupandisha msongo. Kiasi kilekile cha nguvu kikisafirishwa kwa msongo mkubwa, mkondo hupungua. Tuchukue mfano wa megawati 40. Zikisafirishwa kwa kilovoti 132, mkondo katika kila waya ni kama ampia 180 hivi. Zikipandishwa hadi kilovoti 220, mkondo hushuka hadi kama ampia 110. Kwa waya uleule, upotevu unabaki karibu theluthi moja tu ya ule wa mwanzo. Kwa kilovoti 400 upotevu hushuka hadi kama sehemu moja ya tisa.

Lakini upotevu si tatizo pekee, na pengine si lile linalomuudhi zaidi mkazi wa Musoma. Njia ndefu iliyobebeshwa mzigo mzito hushindwa kushikilia msongo wake mwishoni. Wananchi huita hali hiyo “umeme mdogo”: taa hufifia, jokofu hunguruma bila kugandisha, mota ya mashine ya kusaga hupata joto na kuungua. Mafundi wanaweza kuupandisha msongo kidogo kwa kurekebisha transfoma katika vituo vya kupoza umeme, au kwa kufunga kapasita zinazosaidia kushikilia msongo. Hatua hizo ni za gharama ndogo na huchukua miezi badala ya miaka. Zina kikomo, hata hivyo. Kapasita haiongezi uwezo wa waya. Inausaidia tu utumike hadi ukingoni.

Kwa jumla, njia moja ya kilovoti 132 yenye urefu kama wa Mwanza hadi Musoma hubeba kwa starehe kati ya megawati 40 na 50. Inaweza kulazimishwa kubeba zaidi ya hapo, ila kila megawati ya ziada hulipiwa kwa upotevu na kwa msongo unaoyumba.

Njia moja, kosa moja

Wapangaji wa gridi duniani kote hutumia kanuni wanayoiita “N kasoro moja”. Maana yake ni rahisi: mfumo uwe na uwezo wa kuendelea kuhudumia wateja hata kama kifaa kimoja, chochote kile, kimeharibika. Ikianguka njia moja, nyingine ibebe. Ikiungua transfoma moja, ya pili iwe tayari.

Mkoa unaotegemea njia moja hauwezi kuitimiza kanuni hiyo. Radi ikipasua vikombe vya nguzo kati ya Mwanza na Bunda, basi Bunda, Butiama na Musoma huzimika kwa pamoja, na wilaya za mbele zaidi huzimika nazo. Ikumbukwe kwamba bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi kuliko mengine duniani. Mvua za masika zinapoanza, fundi wa zamu hupita chini ya njia akitafuta nguzo iliyopasuka, wakati mwingine usiku, wakati mwingine kwenye mbuga iliyojaa maji.

Hata matengenezo ya kawaida ni mtihani. Palipo na njia mbili, moja huzimwa ikatengenezwa huku nyingine ikifanya kazi. Palipo na njia moja, kutengeneza ni kuzima mkoa. Matokeo yake ni kwamba matengenezo huahirishwa, na kinachoahirishwa sana hatimaye hujizimisha chenyewe, kwa kawaida katika saa mbaya kuliko zote.

Mahitaji yanavyokadiriwa

Kazi ya kwanza ya mpangaji si kuchora njia. Ni kukisia umeme kiasi gani utatakiwa, wapi na lini. Akikisia kidogo, njia itajaa kabla deni lake halijalipwa. Akikisia kupita kiasi, wateja watalipia chuma kisichotumika.

Nchini Tanzania hesabu hizo huwekwa katika Mpango Kabambe wa Mfumo wa Umeme, ambao umehuishwa mara kadhaa, ikiwemo mwaka 2012, 2016 na 2020. Ule wa mwaka 2016, ulioandaliwa kwa msaada wa Shirika la Japan la Ushirikiano wa Kimataifa (JICA), ulitazama hadi mwaka 2040. Wa mwaka 2020 ulisogeza macho hadi 2044. Mpango wa namna hiyo hugawanya miradi katika muda mfupi, wa kati na mrefu, na kila unapohuishwa baadhi ya miradi ya muda mfupi hujikuta imesukumwa hadi ya muda wa kati. Hiyo ni desturi ya mipango, si ya Tanzania pekee.

Kwa Mara, kianzio cha hesabu ni watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,743,830 mkoani humo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 2,372,015. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu 628,000 katika miaka kumi, sawa na asilimia 36. Wilaya ya Butiama yenyewe ni zao la kipindi hicho. Ilimegwa kutoka Musoma Vijijini mwaka 2012.

Watu peke yao hawatoshi kueleza mahitaji, kwa kuwa mwaka 2012 sehemu kubwa yao hawakuwa na umeme. Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioundwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, umebadili picha hiyo. Gharama ya kuunganishwa vijijini iliposhushwa hadi Sh27,000, nyumba ambazo zamani zilitegemea koroboi zilianza kuwa na mita za LUKU. Baada ya vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara kufikiwa na nyaya, kazi ilielekezwa kwenye vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000.

Hapa ndipo penye mtego ambao wanasiasa hawapendi kuuzungumzia. Kila nguzo mpya ya kijijini inaongeza mzigo kwenye njia ileile kuu. Nyumba moja yenye taa nne na redio si kitu. Nyumba 10,000 za namna hiyo, zote zikiwasha taa saa 1 usiku, ni kitu. Miaka michache baadaye nyumba hizo hununua televisheni, pasi na jokofu, na mzigo huongezeka bila mteja hata mmoja mpya kuunganishwa. Uzinduzi wa umeme kijijini huwa na ngoma na pilau; uimarishaji wa kituo cha kupoza umeme hauna shughuli ya kukata utepe inayovutia watu, na pengine ndiyo maana mara nyingi hubaki nyuma.

Kisha kuna wateja wakubwa, ambao mmoja wao anaweza kupindua hesabu zote. Mgodi wa dhahabu wa North Mara, Nyamongo, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, ni mfano ulio wazi. Mgodi wa ukubwa huo, wenye vinu vya kusaga mawe vinavyozunguka usiku na mchana, unaweza kutumia umeme sawa na mji mzima. Tofauti na mji, mgodi hauna saa ya kulala. Mgodi ukitegemea gridi kikamilifu, njia hujaa. Ukiamua kutumia jenereta zake, TANESCO hupoteza mteja anayelipa vizuri kuliko wengine wote.

Viwanda vya samaki vya Musoma vina tabia yake. Sangara akishavuliwa ni lazima agandishwe, na mitambo ya baridi haikubali umeme uyumbe. Kiwanda kinachosafirisha minofu kwenda Ulaya hakiwezi kumweleza mnunuzi kwamba laini ilianguka Lamadi. Hivyo kila kiwanda hulazimika kuwa na jenereta, na gharama ya dizeli huingia katika bei ya samaki, au hukatwa katika bei anayolipwa mvuvi. Huko Bunda, vinu vya kuchambua pamba hufanya kazi kwa msimu. Kwa miezi michache huhitaji umeme mwingi, kisha hunyamaza. Mpangaji hawezi kuchukua wastani wa mwaka. Analazimika kupanga kwa siku ile mbaya kuliko zote, pamba ikiwa imejaa vinuni na watu wote wakiwa nyumbani jioni.

Wilayani Butiama, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, maarufu kama makarasha, zimekuwa zikihama kutoka dizeli kwenda umeme kila nguzo inapofika. Eneo la Buhemba limechimbwa tangu enzi ya ukoloni. Aidha, mradi wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama, uliofadhiliwa na Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Uchumi Afrika (BADEA) na Mfuko wa Maendeleo wa Saudi Arabia, huvuta maji kutoka ziwani na kuyapandisha hadi vijiji vilivyo juu. Pampu zikikosa umeme, bomba hukauka. Kwa maneno mengine, hitilafu ya njia ya umeme upande wa Magu inaweza kuwa shida ya maji kwa mama wa Kiabakari.

Ziada kusini, upungufu mwishoni

Mwaka 2006 na 2011 Tanzania ilipitia migawo mikali ya umeme kwa sababu mabwawa yalikauka na mitambo haikutosha. Mgawo ulirudi tena mwishoni mwa mwaka 2022 na mwaka 2023. Katika nyakati hizo zote, tatizo lilikuwa uzalishaji. Kila mjadala uliishia kwenye megawati.

Bwawa la Nyerere limebadili swali. Machi 2024, kabla hata mitambo yote tisa haijafungwa, ilitangazwa kwamba mitambo ya vituo vitano vya maji imezimwa kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Mwaka 2025 uwezo wa mitambo yote iliyofungwa nchini ulipita megawati 4,000, wakati mahitaji ya juu kabisa yalikuwa zaidi kidogo ya megawati 1,900 mwanzoni mwa mwaka huo. Kwenye karatasi, nchi ina umeme mara mbili ya inaouhitaji.

Mtu wa Musoma anayekatikiwa umeme wakati anasoma takwimu hizo ana haki ya kushangaa. Jibu ni kwamba megawati zilizoko Rufiji si mali yake mpaka kuwepo njia ya kuzileta. TANESCO ilianzisha mradi wa Gridi Imara mwaka 2022 kwa sababu hiyo, ukilenga njia za kusafirisha na kusambaza umeme na vituo vya kupoza umeme nchini kote. Kadhalika, njia ya kilovoti 400 kutoka Chalinze hadi Dodoma, yenye urefu wa kilomita 345, imepangwa ili umeme wa bwawa hilo usilazimike kuzunguka kwenye njia za zamani kuelekea katikati ya nchi.

Kazi ya kuimarisha gridi imepoteza pia mtu wake mkubwa katika ardhi ya Mara. Gissima Nyamo-Hanga, aliyekuwa Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO tangu Septemba 2023 na kabla ya hapo kuiongoza REA, alifariki dunia kwa ajali ya gari wilayani Bunda Aprili 2025.

Jirani aliye karibu kuliko bwawa

Musoma iko karibu zaidi na mpaka wa Kenya kuliko ilivyo na Mwanza. Sirari ni mwendo wa kama kilomita 100 tu. Hivyo basi swali huibuka lenyewe: kwa nini mkoa uvute umeme kutoka Rufiji wakati upande wa pili wa mpaka kuna gridi nyingine?

Wazo hilo si geni. Mkoa wa Kagera, ambao kwa miaka mingi haukuwa kwenye gridi ya Taifa, umepata umeme kutoka Uganda kupitia Masaka. Mwaka 2005 nchi za ukanda huu zilianzisha Umoja wa Mifumo ya Umeme ya Afrika Mashariki (EAPP) wenye makao Addis Ababa, na Tanzania ikajiunga baadaye. Muunganiko mkubwa wa Tanzania na Kenya, hata hivyo, ulipitishwa Namanga. Njia hiyo ya kilovoti 400 kutoka Isinya hadi Singida kupitia Arusha ina urefu wa zaidi ya kilomita 500 na uwezo wa kupitisha hadi megawati 2,000. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wake mwaka 2015. Umeme ulianza kupita Desemba 2024. Karibu miaka kumi.

Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa mkoani Kilimanjaro, alieleza kwamba Tanzania itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya Kanda ya Kaskazini. Baadhi ya watu walilipokea tangazo hilo kwa kejeli: nchi yenye ziada inanunuaje kwa jirani? Lakini hoja iliyotolewa ilikuwa ileile ya mraba wa mkondo. Umeme unaosafiri kutoka kusini hadi kaskazini hupotea kiasi cha kutosha kufanya wa jirani uwe nafuu, na kaskazini ikipata chanzo cha pili haitazimika kila kusini inapopata hitilafu.

Hoja hiyo, ikichukuliwa kama ilivyo, inaigusa Mara kuliko hata Arusha. Arusha ina njia kutoka Singida na nyingine kutoka Tanga na Moshi. Kiunganishi kupitia Sirari kingeifanya njia ya Mwanza hadi Musoma iwe na pande mbili za kulishwa, na hapo ndipo kanuni ya “N kasoro moja” ingeweza kutimia bila kujenga njia ya pili kutoka Mwanza. Ugumu wake uko katika mambo mawili. Gridi mbili zikiunganishwa mahali pawili penye nguvu tofauti, umeme huchagua njia yake wenyewe, na njia dhaifu inaweza kufurika. Hilo hudhibitiwa kwa vifaa vya gharama au kwa kutenganisha mfumo wa mkoa na kuulisha kutoka upande mmoja kwa wakati mmoja. La pili ni bei na mkataba, na mikataba ya mipakani haifungwi haraka.

Njia ya pili ya kilovoti 132 kutoka Mwanza ni nafuu kuijenga, lakini inaweza kujaa mapema. Mahitaji yakikua kwa asilimia 7 kwa mwaka, hujirudufu katika miaka kumi. Kwa asilimia 10, katika miaka saba tu. Ya kilovoti 220 ina gharama kubwa zaidi ya nguzo, transfoma na ardhi, ila hudumu kizazi. Kuna hila ya kati ambayo wahandisi huipenda: kujenga nguzo na nyaya za msongo mkubwa, kisha kuziendesha kwa msongo mdogo kwa miaka ya mwanzo. Njia ya Iringa hadi Shinyanga ilijengwa kwa kilovoti 400 na kuanza kutumika kwa 220. Transfoma huweza kusubiri, mkuza hauwezi. Ardhi isiyotengwa leo itakuwa na nyumba kesho.

Umeme wa jua mara nyingi hutajwa kama njia ya mkato. Mchana unasaidia kweli, hasa kwa pampu za maji na vinu vya pamba, na kituo cha jua cha Kishapu mkoani Shinyanga kimewekwa upande huu wa nchi kwa sababu hiyo. Saa 2 usiku, wakati Mara inapohitaji zaidi, jua limekwisha kuzama ng’ambo ya ziwa, na betri za ukubwa wa kulisha mkoa bado ni ghali.

Ardhi na fidia

Njia ya umeme ya msongo mkubwa huhitaji mkuza wenye upana wa makumi ya mita, na kadiri msongo unavyopanda ndivyo mkuza unavyopanuka. Katika mkoa ambao watu wameongezeka kwa zaidi ya theluthi ndani ya miaka kumi, mkuza ulionyooka kutoka Lamadi hadi Musoma hauwezi kukwepa mashamba ya pamba na mihogo, makaburi, na nyumba zilizojengwa kandokando ya barabara kuu.

Sheria zinazohusika ni Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, pamoja na Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Sheria hii ya mwisho inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe. Ikichelewa, riba huanza kuhesabiwa. Isipolipwa ndani ya miaka miwili, uthamini hupitwa na wakati na kazi huanza upya.

Kwa mwananchi, kipindi hicho cha kusubiri ndicho kigumu kuliko kuhama kwenyewe. Nyumba ikishawekwa alama ya X, mwenyewe haezeki upya, hapandi mkahawa, haongezi chumba, kwa kuwa chochote kitakachoongezwa baada ya uthamini hakitalipwa. Kwa mradi, kila mwaka wa kuchelewa huongeza thamani ya mali itakayofidiwa na kukaribisha wajanja wanaopanda miti usiku wakisikia wapima wamefika. Miradi mingi ya njia za umeme haichelewi kwa kukosa nguzo. Huchelewa kwa nyumba kumi ambazo malipo yake yamekwama.

Nguzo zikishasimama, si kila kitu kinakatazwa chini ya nyaya. Nyumba na miti mirefu haviruhusiwi. Mazao mafupi kama viazi, karanga na maharage kwa kawaida huweza kuendelea kulimwa, na ng’ombe kulishwa, ili mradi mkulima asichome moto mkuzani na asiikaribie nguzo iliyoanguka mpaka mafundi wafike.